Mtoto wa Miaka Sitini na Minne

Mume wangu nilimzika mimi mwenyewe, na nilimzika vizuri. Hilo ndilo lililoniletea shida. Ningemzika ovyo ovyo, kwa haraka haraka, kama wanavyofanya wengine huku wakiangalia jua lisiwazamie kabla hawajarudi shambani, labda ungepatikana mwanya. Lakini mimi nilifanya kila kitu, sikuacha hata kimoja.

Ngoja nianzie pale Warumi walipomchukua.

Vita vile havikuwa vyetu. Warumi walipigana na mfalme wa Makedonia, huko kaskazini, wakammaliza kwa alasiri moja tu, ndivyo tulivyosikia. Sisi Waakea tulikuwa marafiki zao, hata askari tuliwaahidi. Lakini mtu akishashinda vita kama vile huanza kuwatazama marafiki zake usoni, ajue nani alifurahi na nani alinuna. Wakaja wakubwa wao Aigio, kwenye baraza letu, askari wamesimama nyuma yao, wakasoma majina. Majina elfu moja, ya watu wa miji yetu yote. Jina la Lakidas mume wangu lilikuwamo kwa sababu aliwahi kusema barazani kwamba ugomvi wa wakubwa wawili tuwaachie wenyewe. Jina la Sotele, jirani yetu, lilikuwamo kwa sababu Lakidas aliposema hivyo, yeye alipiga makofi.

Wakaambiwa, "Mnakwenda Roma kujieleza tu. Mkimaliza mtarudi."

Lakidas alisimama mlangoni na furushi lake, akaniambia, "Zile zabibu za shamba la chini usizivune mpaka nirudi. Wewe hujui kuzionja."

Mwaka wa kwanza nilizingoja mpaka zikaoza. Mwaka wa pili vilevile, ndege wakafurahi. Mwaka wa tatu mavyaa wangu, mama yake Lakidas, akaniambia, "Mwanangu, vuna. Akirudi atakula zabibu kavu." Ndipo nikavuna.

Kujieleza hawakupewa nafasi. Waliwatawanya kwenye miji ya milimani huko Italia, huyu huku na yule kule, wakawakataza kutoka. Wajumbe wetu walivuka bahari kuwaombea, wakarudi mikono mitupu, wakavuka tena. Binti yetu Nikipa, aliyekuwa na miaka minane baba yake alipoondoka, akavunja ungo, akaposwa, akaolewa na Teisia, kijana mpole asiyeweza kumkatalia mtu jambo. Baba hayupo.

Mwaka wa kumi na moja alipita kijijini mfanyabiashara wa sifongo, mtu wa pwani. Akatoa mkobani bizimu ya shaba yenye umbo la sungura. Mimi nikaijua kabla hajafungua kiganja vizuri. Baba yangu ndiye aliyempa Lakidas bizimu ile siku ya harusi yetu, ya kufungia joho begani.

"Mwenye hii amekufa," akasema. "Kifua kilimbana wakati wa baridi. Niliona anatolewa, amefunikwa joho lake. Nikaichukua niwaletee wenyewe."

Basi nikamzika. Mwili haupo, lakini desturi yetu iko. Nilitandika kitanda, nikaweka nguo yake juu, nikakaa kando ya kitanda siku nzima. Nikakata nywele zangu mpaka masikioni. Tukachimba, tukaweka nguo na bizimu ile, tukasimamisha jiwe. Nikamwaga maziwa na asali, nikamwita jina lake mara tatu kwa sauti ya juu, ili roho yake ijue pa kuja. Mbuzi wawili walichinjwa.

Mavyaa hakukata hata unywele mmoja. Alikaa kwenye kigoda chake karibu na meko, macho yake tayari yalikuwa yameanza kuingia ukungu, akasema, "Mtoto huyu nilimzaa mimi. Angekufa ningesikia mahali." Jirani yangu Filumena, mke wa Sotele, alikula mbuzi wangu vizuri, kisha akaniambia mbele za watu, "Umeharakisha, Timareta. Wangu mimi simziki kwa neno la muuza sifongo." Nilimchukia kwa neno lile miaka sita.

Sasa njoo kwenye siku yenyewe.

Ilikuwa masika, ngano imefika magotini. Nilikuwa uani na Nikipa tunachambua sufu, mtoto wake mdogo yuko kifuani ananyonya. Tukasikia mtu anaita langoni.

"Hodi!"

Nikainua macho. Mzee mwenye ndevu nyeupe, fimbo mkononi, amevaa joho la kigeni, viatu vyake vimefungwa kamba mpaka juu ya kifundo kama vya askari wa Kirumi. Lakini alisimama ameegemea mguu wa kushoto, bega moja chini. Duniani ni mtu mmoja tu niliyepata kumwona anasimama hivyo.

Nikipa alisema, "Baba?" Akasema hivyo taratibu, kama mtu anayejaribu neno asilolitumia siku nyingi. Kisha akamweka mtoto kwenye sufu, akakimbia.

Na mimi, jamani, nikapiga kelele. "Usimguse! Nikipa, rudi! Usimguse!"

Miaka kumi na saba nilikuwa natunga kichwani nitakalomwambia akirudi. Hilo ndilo lililotoka.

Nikipa akasimama katikati ya ua. Lakidas naye akasimama palepale langoni.

"Mama Nikipa," akasema, "ni mimi."

"Najua ni wewe."

"Mbona basi huniambii karibu?"

"Nimekuzika, baba Nikipa."

Akanitazama. "Lini?"

"Mwaka wa sita huu."

"Watu walikuja?"

"Wengi."

"Walikula?"

"Mbuzi wawili."

"Basi nilizikwa vizuri."

"Vizuri sana," nikasema, na hapo ndipo nilipokaa chini kwenye sufu nikalia, na yeye akabaki amesimama mbali, mikono imemning'inia, maana naye ni mtu wa kwetu, anajua.

Mtu aliyekwisha kuzikwa ni wa wafu. Akivuka kizingiti, akigusa moto wa nyumba, nyumba nzima inachafuka. Majirani hawaji tena kuomba moto kwako, hawali chakula chako, hekaluni hamwingii, na mkifa hakuna wa kuwabeba. Kwa hiyo Lakidas akakaa kwenye kibanda cha kukamulia zabibu, hatua thelathini kutoka mlangoni mwake. Chakula nilimwekea juu ya ukuta, nikirudi nyuma ndipo anakuja kukichukua. Alikula uji zaidi kuliko mkate. Warumi walimzoesha huko.

Nikamwita mkunga wetu, bibi Hagesa, maana mambo ya namna hii yako mikononi mwa wakunga. Akaja, akaketi, akaanza kunihoji kama mwizi.

"Ulimtandikia kitanda?"

"Nilimtandikia."

"Nywele ulikata?"

"Nilikata."

"Maziwa na asali ulimwaga?"

"Nilimwaga."

"Jina ulimwita mara ngapi?"

"Tatu."

"Ungemwita mara mbili ningekutafutia njia," akasema. "Sasa huyu amekufa kabisa. Lazima azaliwe upya."

Nilikwisha kusikia habari hiyo utotoni lakini sikuwahi kuiona. Aliyezikwa naye yu hai hulazwa mapajani mwa mwanamke kama ndiyo kwanza anatoka tumboni. Huogeshwa, hufungwa vitambaa vya mtoto mchanga kuanzia shingoni hadi miguuni, hupewa tone la maziwa ya mama anayenyonyesha, huzungushwa kwenye meko. Siku ya kumi hupewa jina. Hapo anakuwa mtu tena.

"Nitamzaa mimi," nikasema.

Hagesa akanicheka. "Ukimzaa utakuwa mama yake. Unataka mwana au unataka mume?"

Nikafikiri. "Mume."

"Basi kaa kando. Aliyemzaa kwanza si yumo ndani?"

Yumo, ndiyo. Mavyaa Alkipa, miaka themanini na moja, macho yamezimika, miguu haimbebi, anashinda kitandani karibu na meko, mikono yake inapapasa blanketi kama inatafuta kitu kilichodondoka. Tangu baridi iliyopita alikuwa anakula kama ndege. Hagesa akaingia, akambonyeza miguu iliyovimba, akamsikiliza kifua. Akatoka akanivuta kando.

"Fanyeni upesi," akasema. "Huyu mwezi haumalizi. Akitangulia, mwanawe atabaki maiti mpaka afe. Hata kumzika mama yake hataruhusiwa."

Basi nikaenda kwenye kibanda kumwambia Lakidas. Nikasimama mbali kama desturi, nikamweleza yote. Aliposikia neno vitambaa, uso ukabadilika.

"Mimi?" akasema. "Mimi niliongoza wapanda farasi mia mbili. Nimesimama barazani Aigio watu wakaninyamazia. Warumi wamenifanya mateka, sawa. Sasa nyinyi mnataka kunifanya kitoto cha kunyonya?"

"Ni siku moja tu, baba Nikipa."

"Hata saa moja."

"Mama yako anaumwa."

Akageuza uso. "Nitamwona. Lakini si kwa njia hiyo."

Siku ya pili akakataa, siku ya tatu akakataa. Na mavyaa ndani, kila akisikia kikohozi chake uani, anasema, "Mleteni." Namwambia, "Anakuja, mama." Anasema, "Kutoka kibandani tu? Hata Italia si mbali hivyo."

Majirani nao hawakutupumzisha. Filumena alikuja ukutani kwake kila asubuhi. "Timareta! Marehemu ameamkaje?" Lakini nikamwona anavyotazama kibandani kwa jicho la pembeni. Siku ya kwanza alimwuliza Lakidas kwa sauti kutoka upande wa pili wa ukuta, "Na Sotele?" Lakidas akajibu, "Tulitenganishwa," akaingia kibandani. Tangu hapo Filumena hakuuliza tena. Alinitania mimi.

Siku ya nne asubuhi nikasikia ngazi inagonga ukuta wa nyumba. Nikatoka. Teisia mkwe wangu ameshika ngazi, jasho linamtoka, na Lakidas yuko katikati anapanda.

"Teisia! Unafanya nini?"

"Baba mkwe amesema nishike ngazi, mama. Nimeshika."

Lakidas akaniambia kutoka juu, kwa sauti ileile ya barazani, "Warumi nao wana desturi yao. Kwao mtu aliyedhaniwa amekufa haingii mlangoni. Anaingia kwa paani, anashuka ndani, mambo yanakwisha. Hakuna vitambaa, hakuna maziwa. Nimeiona kwa macho yangu."

"Hapa si kwao!"

"Paa ni la kwangu."

Filumena alikwisha kufika ukutani. "Teisia, mshike vizuri paka wenu! Timareta, tega beseni, mumeo anavuja!"

Nikakimbilia ndani, maana nilijua kitanda cha mavyaa kilipo. Vigae vikaanza kung'olewa, kimoja, cha pili, vumbi likamwagika, mwanga wa jua ukaingia ukaanguka juu ya blanketi la mama. Akainua mkono akalisikia lile joto.

"Nani yuko juu?" akauliza.

Kelele za vigae zikakoma.

"Ni mimi, mama."

Ilikuwa mara yao ya kwanza kuzungumza baada ya miaka kumi na saba. Mavyaa hakulia. Alikunja uso tu kama mtu anayesikiliza kitu cha mbali.

"Unafanya nini huko?"

"Naingia ndani."

"Wanaoingia kwa paani ni wezi na mvua. Mimi sikukuzaa kwa paani."

"Mama, siwezi kufungwa vitambaa. Mimi mtu mzima."

"Una miaka mingapi?"

"Sitini na minne."

"Siku ile ulikuwa huna hata mmoja, na ulinisumbua hivihivi. Siku mbili unakataa kutoka." Akapumua kidogo, maneno mengi yalimchosha. "Niambie unachoogopa."

Nilidhani atajibu kwa hasira. Kupitia kwenye tundu niliona ndevu zake na kipande cha mbingu.

"Mtoto mchanga hana anachokumbuka," akasema hatimaye. Sauti ya barazani ilikuwa imemwacha; alinong'ona ndani ya tundu, Filumena asimsikie. "Tulikwenda elfu moja, mama. Waliorudi hawafiki mia tatu. Mnataka nioshwe, nifungwe, nianze upya kama sijaona kitu. Na wale nani atawakumbuka?" Akakiweka chini kigae alichokuwa amekishika. "Sotele alifia mikononi mwangu. Hatukutenganishwa hata siku moja. Alikuwa anatetemeka usiku na mchana, nikamvua joho lake bovu nikamvika langu na bizimu yangu. Alifia ndani ya joho langu. Nimeshindwa kumwambia Filumena. Kila asubuhi namsikia anacheka pale ukutani, nashindwa."

Mimi nikakaa kwenye ukingo wa kitanda. Bizimu ile. Muuza sifongo hakudanganya. Alimwona aliyevaa joho lile anatolewa amekufa, akauliza joho ni la nani, akaambiwa la Lakidas. Miaka sita nilimlilia mume wangu kwa kifo cha Sotele, na Filumena alikula mbuzi wa mazishi ya mumewe mwenyewe asijue.

"Lakidas," mavyaa akaita. Aliinua mikono yote miwili kuelekea kwenye lile joto la jua, mikono yenyewe imebaki mifupa. "Mikono yangu haifiki huko."

Lakidas akainama zaidi kwenye tundu.

"Nimewazaa saba, nimebaki na wewe. Nakwambia mtoto anachofanya akizaliwa. Haoshwi kwanza. Hafungwi kwanza. Kwanza analia. Asipolia mkunga anampiga. Wewe umeshalia?"

"Bado, mama."

"Hata siku moja?"

"Tulikuwa tunatazamwa."

"Shuka basi. Kwa ngazi. Pita mlangoni ubebwe. Uje ulie hapa, mimi sioni."

Nilisikia miguu yake inashuka ngazi, polepole, kidato kwa kidato.

Mchana uleule tulifanya. Wanaume hawaingii, isipokuwa aliyezaliwa. Tulikuwa mimi, Nikipa, Hagesa, na jirani wa kushika beseni la maji, na jirani wa karibu alikuwa Filumena. Nilimwita mimi mwenyewe. Akaja na utani wake uleule, "Nimeitwa kumwogesha mtoto mwenye ndevu, haya, iko wapi sabuni ya mbuzi?"

Tulimketisha mavyaa sakafuni karibu na meko, tukamwegemeza kwa magunia ya sufu. Lakidas akabebwa kuvuka kizingiti, Hagesa mabegani, mimi siruhusiwi kumgusa nisije nikawa mama yake, Nikipa na Filumena miguuni. Alikuwa mwepesi. Niliona hata Hagesa hakujikaza kumbeba. Wakamlaza kichwa mapajani mwa mama yake.

Vidole vya mavyaa vikaanza safari. Paji la uso. Pua. Kovu la nyusi, alilolipata kwa kuanguka mtini akiwa na miaka mitano. Vikasimama kwenye ndevu.

"Hizi nazo," akasema, "hukutoka nazo."

Nikipa akacheka na kulia kwa pamoja. Hagesa akamfunga vitambaa, mikono ubavuni, miguu pamoja, akazungusha na kuzungusha, ikatubidi tupasue shuka mbili kwa urefu wake. Wakati wote Lakidas alitazama juu kwenye lile tundu la paa, midomo ameibana kama mtu anayeng'olewa jino. Kisha Hagesa akasema, "Samahani, mzee," akamgeuza upande, akampiga mgongoni kofi moja la kiganja, lile lile analowapiga wote.

Akanyamaza.

Akampiga la pili.

Sauti iliyotoka sikuijua. Ilianza chini kabisa, kama ng'ombe zizini, ikapanda, na ilipofika juu ikawa majina. Aliwaita mmoja mmoja, watu wa Patra, watu wa Feneo, watu wa Argo, wengine sikuwahi kuwasikia. Mama yake anampapasa kichwa, anasema, "Ehe. Ehe. Mwingine." Na alipofika mwisho akaita, "Sotele! Sotele, ndugu yangu!"

Filumena alikuwa amepiga magoti na beseni la maji. Hakulidondosha. Aliliweka chini taratibu, maji hayakumwagika hata tone, akajifuta mikono kwenye nguo yake. Akasogea mpaka miguuni mwa Lakidas, iliyofungwa, akaweka mkono juu yake.

"Lini?" akauliza.

"Mwaka wa kumi na moja. Wakati wa baridi."

"Alikuwa peke yake?"

"Nilikuwa naye. Kichwa chake kilikuwa hapa." Hakuweza kuonyesha, mikono imefungwa, akatikisa kidevu kuelekea kifuani mwake. "Nilimvika joho langu."

Filumena akanigeukia mimi. Nikamwona anavyopiga hesabu ya miaka, joho, muuza sifongo. Nilikuwa tayari anitukane.

"Nywele ulikata?" akaniuliza.

"Nilikata."

"Maziwa na asali?"

"Yote."

"Basi alizikwa vizuri," akasema, kisha akainamisha kichwa juu ya ile miguu akalia, nasi tukalia naye. Hagesa alisema baadaye kwamba katika miaka yake arobaini ya ukunga hajaona uzazi ambao wote walilia, mtoto, mama na mashahidi. Kesho yake alfajiri Filumena akakata nywele zake. Tukaenda naye kwenye lile jiwe, akasugua jina la Lakidas kwa mchanga mpaka mikono ikamchubuka.

Lakini siku ile bado tulikuwa na kazi. Nikipa akakamua maziwa yake kidogo kwenye kijiko, akamtia baba yake mdomoni, akasema, "Kunywa, baba, usinitemee." Wakamzungusha kwenye meko, Nikipa kichwani, Filumena miguuni, macho yamevimba, wanakimbia kama desturi inavyotaka, na mara mbili walikaribia kumwangusha. Teisia akatundika tawi la mzeituni mlangoni, kama ilivyo akizaliwa mtoto wa kiume. Watu waliopita njiani walisimama wakacheka, wakatuma zawadi vilevile, kwato za mbuzi, jibini, njuga za mtoto. Njuga zile Lakidas alizitikisa kwa ajili ya mjukuu wake.

Siku kumi alilala karibu na mama yake. Siku ya kumi Hagesa akauliza, "Mtoto anaitwa nani?" Mavyaa akasema, "Lakidas," akaongeza, "na kama kuna mtu atamwita marehemu aje nimsikie." Akaomba mkate. Alikula mkate mzima. Alidumu mpaka tini zikaiva, miezi mitatu zaidi ya alivyosema Hagesa, na alipoondoka mwanawe alimbeba yeye mwenyewe, mbele ya watu wote, kama inavyopasa.

Lakini nilikuwa nasema siku ya kumi. Watu walipokwisha kuondoka nilikaa uani, kwenye benchi la ukutani. Lakidas akatoka. Akasimama mbele yangu ameegemea mguu wa kushoto.

"Binti," akasema, "mimi ni kijana wa siku kumi. Sina mke."

"Nimesikia."

"Na wewe naona ni mjane."

"Mwaka wa sita."

"Unaonaje?"

"Kua kwanza," nikamwambia. "Wazazi wangu wangesema nimekosa waume mpaka nachukua wachanga."

"Nitakua lini?"

"Tutaona utakavyokula."

Akaketi benchini, si karibu sana, kama anayeomba ruhusa. Nami bado sikuwa nimemgusa. Tangu siku ile ya langoni, wote walimshika, mama yake, binti yake, mkunga, hata Filumena, isipokuwa mimi. Nikautoa mkono wangu, nikauchukua wake nikauweka magotini mwangu. Kwenye kiganja, chini ya vidole, palikuwa na ngozi ngumu kama kwato, mahali ambapo zamani hapakuwa na kitu.

"Hii ni ya nini?" nikamwuliza.

Akaitazama kama ni mkono wa mtu mwingine. Kisha akaanza kunieleza.